Mpinzani Wangu Anagawa Pilau na Vocha, Nitashindaje Urais wa Wanafunzi?

SWALI

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 22, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dodoma. Nimezaliwa na kukulia Mpwapwa, ambako baba yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mama analima karanga na alizeti. Nimekuwa kiongozi wa darasa kwa mihula mitatu, na wenzangu wameridhika na kazi yangu kiasi cha kunishawishi nigombee urais wa serikali ya wanafunzi. Kwa taratibu za chuo chetu, mgombea anatakiwa kuwa na wadhamini kutoka kila kitivo na asiwe na sapu yoyote, yaani mtihani wa marudio, na kampeni huchukua siku kumi tu. Fomu zitaanza kutolewa wiki ijayo.

Kinachoninyima usingizi ni mpinzani wangu. Ni kaka mmoja anayefahamika sana chuoni, anayejua kuongea, na kabla hata ya fomu kutoka amekwisha kuwaandalia pilau wanafunzi wa mabweni mawili. Vijana wake wanawatumia viongozi wa madarasa vocha za simu. Inasemekana yupo mtu wa nje ya chuo anayemfadhili. Mimi nina shilingi 180,000 ambazo nimezidunduliza kutoka kwenye bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, kwa mwaka mzima, na sina mtu wa kuniongezea.

Kundi langu la kampeni lina watu saba na tayari limegawanyika. Wengine wanataka niahidi kwamba bumu litatoka kwa wakati na maji ya mabweni yatapatikana saa 24, kwa sababu hayo ndiyo yanayowaumiza wanafunzi. Mmoja ananishauri nijipange na watu wa mkoa wetu na wa dini yangu, akisema kwamba tukishikamana tunatosha. Juzi, katika kundi la WhatsApp la mwaka wa kwanza, ulisambazwa ujumbe kwamba nimesukumwa na mhadhiri fulani ambaye ni "mtu wangu". Ni uongo mtupu, Mama, na usiku ule nililia mpaka adhana ya alfajiri.

Baba amenipigia simu akaniambia kwamba siasa za chuo zitanifanya nidisko, yaani nifukuzwe chuo kwa kufeli, na yeye hana nguvu za kunisomesha upya. Hata mwenzangu wa kitanda cha juu, ambaye tumeishi naye chumba kimoja mwaka mzima, nilipomwambia kwamba nagombea aliguna tu akarudi kwenye simu yake. Mwaka jana hakupiga kura kabisa.

Je, mtu kama mimi anaweza kushinda bila pilau? Na kama anaweza, aanzie wapi?

Binti wa Mpwapwa, Dodoma

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuandika kabla ya kuchukua fomu, maana barua nyingi za namna hii hunifikia baada ya matokeo kubandikwa ukutani. Kabla ya kuanza safu hii nilikuwa mlezi wa wanafunzi kwa miaka kadhaa na nilisimamia chaguzi zao, kwa hiyo mengi nitakayokueleza nimeyaona kwa macho yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenieleza vizuri mpinzani wako anafanya nini, kundi lako linataka nini na baba anaogopa nini, lakini sikuona mahali ulipoandika wanafunzi wenzako wanasema nini kwa maneno yao wenyewe. Bumu na maji umeyataja, ila nayo umeyapata kwa watu wako saba. Hapo ndipo kazi yako ilipo, na habari njema ni kwamba kazi hiyo haihitaji fedha.

Tuanze na hesabu, kwa sababu mgombea asiyejua hesabu ya kura huishi kwa hofu. Chukua mfano wa chuo chenye wanafunzi 4,000. Ikiwa nusu yao ndio wanaojitokeza, kura zitakazopigwa ni 2,000, na kama wagombea ni watatu, mwenye kura 900 anaweza kabisa kuapishwa. Wale 2,000 waliobaki hawakuhongwa na mtu wala hawakumkataa mtu. Siku ile walikuwa wamelala, au wanamalizia kazi ya kikundi, au wameteremka mjini sokoni Majengo, au wameona tu kwamba hakuna litakalobadilika. Mpinzani wako anatumia fedha nyingi kugombania watu wale wale ambao wangepiga kura hata bila pilau. Nenda kwenye tume ya uchaguzi ya chuo chako, uliza kwa adabu idadi ya waliojiandikisha na waliopiga kura mwaka jana, kitivo kwa kitivo kama takwimu hizo zipo, kisha ziandike na ujue unahitaji kura ngapi na zitatoka wapi.

Sitakudanganya kwamba pilau haina nguvu. Mwanafunzi ambaye bumu limemwishia na anashindia maandazi na chai ya rangi hawezi kulaumiwa kwa kula sahani aliyoletewa, tena moto. Lakini pilau ina mpaka wake: aliyekula anaingia kupiga kura peke yake, na wengi niliowaona walikula kwa mgombea huyu wakampigia yule. Nchi yetu imekwisha kulijadili jambo hili hadi mahakamani. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu watu kwa nia njema wakati wa kampeni. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzao, ikavitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba takrima humbagua mgombea asiye na uwezo. Hukumu ile ilihusu uchaguzi wa kitaifa, si wa vyuo, lakini hoja yake ni yako pia, na unaweza kuisema mbele ya wenzako bila kumtaja mtu.

Kuhusu kulalamika, soma kwanza katiba ya serikali yenu ya wanafunzi na kanuni za uchaguzi, neno kwa neno, hasa kifungu cha kampeni za mapema na cha zawadi. Ukikuta vinakatazwa, andika malalamiko ya ukurasa mmoja yenye tarehe, mahali, saa na majina ya mashahidi walio tayari kusimama, uyapeleke kwa tume na uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usiyaweke WhatsApp. Malalamiko yakianzia kwenye simu za watu, mpinzani wako atajifanya anaonewa, na huruma itahamia kwake. Katiba hiyo hiyo ndiyo itakayokuambia kama fedha za kutoka nje ya chuo zinaruhusiwa. Na kama chuoni kwenu ipo klabu ya wapinga rushwa inayolelewa na TAKUKURU, waombe waendeshe mazungumzo ya wazi kuhusu uchaguzi na wawaalike wagombea wote.

Sasa tuje kwenye ahadi, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko popote, kwa sababu ndipo wagombea wengi wazuri wanapojiharibia.

Bumu halitolewi na rais wa wanafunzi. Linatolewa na Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, na kila mwanafunzi wa mwaka wa pili na kuendelea anajua kwamba huna ufunguo wa hazina hiyo. Ukisimama ukaahidi bumu kwa wakati, watakushangilia na hawatakuamini. Lakini hebu chunguza njia ambayo fedha hiyo hupita. Kwa mwanafunzi anayeendelea, chuo kinapaswa kwanza kuwasilisha matokeo yake yanayoonyesha kwamba amefaulu kuendelea, kisha fedha ipangwe, kisha mwanafunzi asaini, ndipo iingie kwenye akaunti yake. Katika hatua hizo zipo zinazofanyika ndani ya geti la chuo chenu. Mhadhiri asipoingiza alama za somo moja, jina la mwanafunzi linaweza kukwama. Namba ya akaunti ikikosewa tarakimu moja, fedha haimfikii. Mwanafunzi asipopata tangazo la kusaini kwa sababu yuko kwenye mafunzo kwa vitendo, awamu inampita. Hapo rais wa wanafunzi ana kazi ya kufanya. Anaweza kukubaliana na afisa mikopo wa chuo kwamba orodha ya waliokwama itolewe mapema ikiwa na sababu ya kila mmoja. Anaweza kufuatilia idara ambazo matokeo yake hayajakamilika. Anaweza kumpa waziri wake wa mikopo meza na saa maalumu za kuwahudumia watu.

Fedha ya chakula na malazi imekuwa shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023, kutoka 8,500 za awali. Jina likikwama kwa wiki mbili, mwanafunzi huyo ana pengo la 140,000, na pengo hilo analiziba kwa kukopa kwa mama ntilie na kwa kuomba nauli kwa wenzake. Ukimwambia, "Sitaweza kuharakisha Bodi, lakini ndani ya siku tatu utajua jina lako limekwama wapi na ni nani anayelishughulikia," umemwahidi kitu anachoweza kukudai. Ahadi ya namna hiyo haipigiwi vigelegele, ila huenda na mtu mpaka chumbani.

Maji nayo ni hivyo hivyo. Dodoma ni kame, mvua zetu ni za msimu mmoja kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu Aprili, na mji huu umetegemea visima vya Mzakwe kwa miaka mingi huku watu wakiongezeka kila uchao. Anayeahidi maji saa 24 kwenye mabweni anaahidi kwa niaba ya mamlaka ya maji na ya mawingu. Wewe uliza matangi ya chuo yanabeba lita ngapi, yanasafishwa lini, pampu ikiharibika anaarifiwa nani, na kwa nini ghorofa ya tatu hukosa maji wakati ya chini inafua. Ukiahidi ratiba ya mgao inayobandikwa kila Jumapili katika kila bweni, na namba moja ya simu inayopokelewa pampu inapokufa, umeahidi jambo lililo ndani ya uwezo wa ofisi unayoiomba. Ahadi tatu za aina hii zinakutosha. Ya nne itakuchanganya wewe mwenyewe jukwaani.

Utazipataje hizo tatu? Kwa kupita chumba kwa chumba, mwanangu, na hili ndilo linaloshinda chaguzi za wanafunzi kuliko muziki, fulana na mabango.

Nakumbuka kijana mmoja, mpole, asiye na sauti ya jukwaani, aliyekuja ofisini kwangu na daftari la kurasa 48 lenye jalada la bluu lililochakaa pembeni. Juu ya kila ukurasa aliandika namba za vyumba, na chini ya kila namba jambo moja tu. Alinionyesha. "Chumba 14: taa ya korido imeungua, wameripoti mara tatu. Chumba 22: mmoja anasubiri kitambulisho tangu Novemba. Chumba 31: hawana shida, wanataka kujua nani anatunza fedha za mashindano ya mpira." Hakuja kwangu kuomba msaada wa kampeni, alikuja kuuliza ile taa inaripotiwa ofisi gani, akaenda huko kama mwanafunzi wa kawaida, na baada ya siku mbili taa ikawaka. Siku ya mdahalo wenzake walizungumzia mageuzi na maendeleo kwa sauti kubwa. Yeye alifungua daftari akasoma vyumba kumi na viwili, bila kutaja jina la mtu, na ukumbi uliokuwa na kelele ukanyamaza kabisa, kwa sababu kila mmoja alikuwa akisubiri kusikia kama chumba chake kitatajwa. Alishinda kwa tofauti ya kura 61.

Kwa hiyo nunua daftari. Kabla ya kampeni kuanza rasmi huruhusiwi kuomba kura, lakini hakuna kanuni ninayoijua inayomzuia kiongozi wa darasa kuwauliza wenzake hali zao. Kampeni ikianza, pita jioni kati ya saa moja na saa tatu, wakati watu wamerudi kutoka kafteria na hawajaanza kulala wala kujisomea kwa kina. Bisha hodi, subiri uitikiwe. Ukiingia, mmoja atakuwa anasukwa, mwingine anaosha vyombo kwenye beseni, wa tatu amelala amegeukia ukutani. Wasalimu wote, hata aliyelala, wala usiketi kitandani kwa mtu kabla ya kukaribishwa. Jitambulishe kwa sentensi moja, uliza swali moja, kisha nyamaza. Wagombea wengi hushindwa hapo kwenye kunyamaza. Dakika nne zinatosha kwa chumba. Andika mbele yao walichosema, maana mtu akiona neno lake linaandikwa huongea kwa uangalifu na ukweli zaidi. Kwenye mabweni ya wavulana usiende wewe. Mtume mjumbe wako wa kiume na daftari lake, na wewe uwakute kafteria, viwanjani na kwenye vimbweta wanakojisomea.

Watu wako saba usiwaache wakae pamoja wakiandika matangazo. Mgawie kila mmoja mabweni au madarasa yake, mkutane saa nne kila usiku kwa nusu saa, msomeane madaftari. Mtashangaa jinsi jambo msilolifikiria kabisa linavyorudi katika vyumba ishirini tofauti. Inaweza kuwa kadi za bima ya afya ambazo watu wamelipia na hazijafika, inaweza kuwa mashine ya kuchapisha iliyoko maktaba, inaweza kuwa usalama wa njia ya kutoka madarasani usiku. Mtakalolikuta limerudi mara nyingi ndilo ahadi yenu ya tatu.

Kisha wapo wale ambao mpinzani wako hawezi kuwafikia kwa sufuria la pilau. Kwanza ni wanaoishi mitaani, kwenye mageto, ambao hufika asubuhi na kuondoka na daladala ya jioni. Hao wakutane kituoni, asubuhi wakiwa wanashuka, na siku za mvua au vumbi kali usiwazuie hata dakika moja, tembea nao kuelekea darasani. Pili ni wa cheti na stashahada, ambao mara nyingi hukumbukwa siku ya kupiga kura tu. Waulize kwa nini wanajiona wageni katika chuo chao. Tatu ni wanafunzi wenye ulemavu. Bango lako halimsaidii asiyeona, kwa hiyo sera zako zirekodi kwa sauti yako, dakika mbili, uwatumie. Iombe tume iweke mkalimani wa lugha ya alama kwenye mdahalo, na iombe kwa ajili ya wagombea wote. Nimewahi kuona kundi la wanafunzi viziwi likikaa safu ya mbele mdahalo mzima bila mkalimani, wakitazama midomo ikichezacheza, kisha wakanyanyuka pamoja na kuondoka. Hawakupiga kura siku iliyofuata. Jambo lile liliniuma na linaniuma hadi leo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa msimamizi na sikulifikiria.

Zile 180,000 zako zinatosha. Piga picha moja safi, nguo ya kawaida, mchana, na usikope suti. Ukipata kopi ya karatasi moja kwa shilingi 100, kopi 300 ni shilingi 30,000. Ziwe nyeusi na nyeupe, zenye jina lako, picha na zile ahadi tatu kwa maandishi makubwa yanayosomeka na mtu anayepita. Tenga nauli na vifurushi vya intaneti vya wenzako saba kwa siku kumi, tenga chai yao ya usiku, na hamsini elfu usiziguse hadi siku ya kupiga kura. Salio lote ni lako la kula. Usikope hata shilingi moja, na usimpokee mfadhili yeyote wa nje akija kwako, hata akiwa mtu wa kwenu Mpwapwa mwenye nia nzuri.

Huyo anayekushauri ujipange na mkoa wako na dini yako mwambie hapana, tena mbele ya wenzake sita, ili wote wasikie. Ni vibaya, na hesabu yenyewe haikubali: ukijifungia kwa watu wa mkoa mmoja umewapa wa mikoa mingine yote sababu ya kumpigia mwingine. Akiendelea, mtoe kwenye kundi kwa heshima.

Kuhusu uvumi, pole sana mwanangu. Wagombea wa kiume huulizwa sera zao na wa kike huulizwa wanalala wapi. Nimeliona hilo mwaka baada ya mwaka na bado linanikasirisha. Mji huu ndio wenye Bunge lililoongozwa na Anna Makinda, Spika wa kwanza mwanamke, kuanzia 2010 hadi 2015, na bado binti akigombea chuoni hutafutiwa mhadhiri. Fanya mambo matatu, halafu usilitaje tena. Hifadhi picha za ujumbe huo zikionyesha tarehe na namba iliyotuma. Peleka malalamiko ya maandishi kwa tume na nakala kwa mlezi wa wanafunzi au dawati la jinsia, maana kumsingizia mtu namna hiyo ni unyanyasaji na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa usambazaji wa taarifa za uongo. Kisha toa taarifa moja, sentensi mbili, katika kundi lile lile: "Ujumbe uliosambazwa kunihusu si wa kweli na nimeuwasilisha kwa tume. Aliye na swali kuhusu sera zangu anipigie." Baada ya hapo marafiki zako wasijibishane na mtu. Mtu akikuuliza hadharani, mjibu kwa utulivu kwa zile zile sentensi mbili na uendelee na daftari.

Baba yako ana haki ya kuogopa. Nimewajua vijana waliopata urais wakapoteza shahada. Mtumie ratiba yako ya vipindi na ya mitihani, mwonyeshe siku kumi za kampeni zinaangukia wapi, na mwahidi kwamba hutakosa jaribio wala kipindi cha maabara kwa sababu ya kampeni. Kisha litimize. Kwa kuwa yeye ni mwalimu, msomee ahadi zako tatu kwenye simu na umwombe azisahihishe. Najua walimu wastaafu. Akishashika kalamu nyekundu, hofu itampungua na atakuwa ameingia kwenye kundi lako.

Siku yenyewe ya kupiga kura usiitumie kuzunguka na kuimba. Kila mmoja wa wale saba awe na orodha ya vyumba alivyopita, na asubuhi akabishe hodi tena kwa swali moja tu: "Umeshapiga kura?" Asiulize nani. Anayekosa kitambulisho asaidiwe kujua pa kwenda. Anayeogopa foleni aambiwe saa ambayo foleni ni fupi. Hapo ndipo zile hamsini elfu zitakapofanya kazi, kwa vocha za mawasiliano ya kundi lako na chakula cha mawakala. Mawakala wako wawe watu wanaoweza kukaa macho, kwa sababu nimeona wakala akisinzia saa saba usiku huku kura za kituo kizima zikihesabiwa, na asubuhi akasaini fomu asiyoisoma. Wakala asiondoke kituoni bila nakala ya fomu ya matokeo mkononi, na kama mnapiga kura kwa mtandao, iulize tume mapema, kwa maandishi, nani atashuhudia mfumo unapofunguliwa na kufungwa.

Nimebakiza mwenzako wa kitanda cha juu. Ulinieleza aliguna, na nimehisi limekuumiza kuliko hata pilau. Lakini yeye ndiye yule mtu niliyekuambia kwenye hesabu, mmoja wa wale 2,000, na analala mita moja juu ya kichwa chako. Leo usiku usimwombe kura wala usimweleze sera. Mtengenezee chai, mwulize mwaka jana ni kitu gani kilimfanya asiende kupiga kura, kisha nyamaza kama nilivyokuambia, na jibu lake liandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.